Thelathini na Sabini

Mimi ni mteuzi wa tumbaku, Urambo.
Nalinyanyua jani, nalielekeza kwenye mwanga wa mlango,
kidole gumba kinapita juu ya uti wake,
natamka daraja. Karani anaandika.
Robota linasogea.
Mwaka mzima wa mtu, kitalu, palizi, kuni,
usiku wa kukesha akichungulia moto wa bani,
mimi huumaliza kabla chai yangu haijapoa.

Usiku ni zamu yangu kuwa jani.

Chuo changu sijawahi kuliona lango lake.
Kilinijia ndani ya bahasha ya kaki: vitabu sita,
ratiba, na karatasi moja ya masharti
niliyoibandika ukutani, juu ya pipa la maji:
kazi mbili za nyumbani, alama thelathini;
mtihani wa mwisho, sabini;
asiyeleta kazi zote mbili hatakalia kiti.
Mihayo, mwanangu wa darasa la pili,
ameikariri akirukia kamba:
thelathini na sabini, mama, ni mia!
Ndiyo, baba. Kwenye hesabu ni mia.

Swali la kwanza lilikuja katikati ya msimu wa soko:
Eleza, kwa mifano, tofauti ya gharama na thamani.
Niliandika kurasa nane kwa taa ya sola inayofifia saa nne.
Niliandika kuni. Niliandika mgongo.
Nikaipeleka posta, nikapewa stakabadhi,
nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyelipa deni.

Ikarejea baada ya wiki saba.
*Mifano mizuri. Nadharia iko wapi?*
Nane kati ya kumi na tano.
Mkufunzi simjui, ni bwana au ni bibi;
namtambua kwa wino mwekundu
na herufi za "t" anazozisahau kuzikata.
Nilitaka kumuuliza: nane, kwa kipimo gani?
Saba zangu nyingine zimeangukia wapi?
Kalamu ilikuwa tayari mkononi
nilipomkumbuka Nyanzobe wa Usoke
aliyesimama mbele ya meza yangu mwezi ule, akasema:
"Kwa nini mimi la nne, na kaka yangu la pili,
na bani tulilokaushia ni moja?"
Nilimjibu, ndiyo, nilimjibu:
"Anayefuata."

Mtihani niliufanyia Tabora mjini.
Treni ilichelewa; nikaingia ukumbini na vumbi la behewa,
msimamizi akaitazama picha, akanitazama,
akairudia picha.
Saa tatu. Maswali manne.
Safari hii nadharia niliitanguliza,
mifano ikafuata nyuma kama mbuzi.

Kisha matokeo.
Mtihani upo. Kazi ya pili ipo.
Ya kwanza, ile ya kuni na mgongo,
mahali pake pana kistari.
Na chini, neno moja: *Haijakamilika.*
Nikapiga simu. Sauti ya kijana, ya upole:
"Leta stakabadhi, mama."

Hilo ni neno letu sisi.
Ndilo tunalowaambia wakulima malipo yanapokwama,
nao hutoa karatasi kwenye mifuko ya sukari,
wakizikunjua taratibu, zisichanike.

Siku tatu nilipekua. Niliipata ndani ya kitabu cha nne,
imeganda ukurasani,
tarehe yake nusu imefunikwa
na alama ya kahawia: ulimbo wa tumbaku,
kidole gumba changu mwenyewe.
Nimeituma. Wamesema wataangalia.

Jumanne Nyanzobe alirudi na robota lake.
Nikalinyanyua jani, nikalielekeza mlangoni.
"La tatu," nikasema. Naye akaanza kuondoka.
"Ngoja. Ona hapa, kandokando ya uti:
rangi imeungua. Moto mliupandisha mapema.
Siku moja zaidi, lingekuwa la pili."
Aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu.
Nyuma yake foleni ikakohoa,
karani akaangalia saa.

Kistari changu bado ni kistari.